Mashine ya rodi au MIG? Ulinganisho kwa anayeshusha pikapu yake nyumbani Nairobi

Hardbody yangu, pikapu ya Nissan, ilikaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, Kahawa West, miezi miwili mizima. Jioni baada ya jioni nilikuwa nikijifunza kuchomelea ili niishushe, ilale kama zile ninazoziona Thika Road siku za Jumapili. Jirani yangu, mzee aliyeendesha malori ya masafa marefu mpaka akastaafu, akaja na kikombe chake cha chai, akainama, akachungulia chini.

"Kijana, hapo unataka kuchomelea nini hasa?"

Nikakosa la kusema.

Kumbe kushusha pikapu inchi 2 au 3 hakuhitaji moto hata kidogo. Nissan Hardbody, ile D21, mbele inabebwa na vyuma viwili virefu vinavyosokotwa, ambavyo mafundi huviita tosheni. Kila kimoja kina bolti ya kurekebishia. Ukiilegeza, pua inashuka. Nyuma, kwenye ile isiyo 4x4, springi za bapa zimepita chini ya ekseli, kwa hiyo unaingiza bloku ya chuma katikati na kufunga kwa yubolti ndefu kuliko za kiwandani. Spana, jeki, Jumamosi moja, kisha gari linapelekwa kunyooshwa magurudumu. Moto unahitajika mahali pawili tu: ukitaka kushuka zaidi ya hapo mpaka ekseli ianze kugonga chesi, au ukiinua mikeka ya sakafu ukakuta kutu. Mimi nilikuwa na yote mawili, ila nilikuwa sijui.

Swali la mashine, basi, linajibiwa na unene wa chuma unachotaka kugusa. Chesi ya pikapu ni chuma cha milimita 3 hivi. Sakafu, mlango na ubavu wa bodi ya nyuma ni milimita 0.7 au 0.8, yaani unene wa kadi ya benki. Hakuna mashine ya bei ya kawaida inayovimudu vyote viwili vizuri mikononi mwa mwanafunzi, na anayekuuzia moja kwa maneno ya "hii inafanya kila kitu" anataka kufunga duka mapema.

Mashine ya rodi

Hii ndiyo iliyochomelea geti lako na grili za madirisha yako. Nairobi utaipata kwa sura mbili. Kuna transfoma, inayosukwa hapa hapa na mafundi wa jua kali, nzito kama gunia la simiti. Haifi. Ikiungua, aliyeisuka anaisuka tena. Lakini inakula stima kwa pupa, na taa za jirani hupepesa kila unapogusa chuma. Halafu kuna inveta, kilo 5 hivi, unaining'iniza begani kama mkoba, na inawasha rodi kwa upole hata mkono ukiwa mgeni. Adui wake ni vumbi la grinda. Vumbi hilo ni chuma, feni ya mashine inalivuta ndani, na likitua kwenye sakiti za elektroniki kazi imeisha. Grinda ikilia, inveta iwe imezimwa na iko mbali.

Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni usiiamini. Tafuta kibandiko cha nyuma kinachotaja asilimia ya muda wa kazi. Ikisema 60% kwa ampea 120, maana yake katika kila dakika 10 utachoma 6 na kuiacha ipoe 4. Mashine iliyoandikwa 300 kwa rangi nyekundu na haina kibandiko hicho mimi ningeiacha pale pale kwenye kaunta.

Rodi za kuanzia ni E6013 za milimita 2.5, dukani omba geji 12. Kwa chuma cha milimita 3 zinataka ampea kati ya 60 na 90. Wiki ya kwanza rodi itaganda, utaing'oa, itaganda tena, na utaanza kushuku mashine. Mashine haina neno.

Sababu ya kumpendekezea mwanafunzi rodi ni kwamba rodi haijui kuficha. Ukienda mbio mstari unakuwa mwembamba kama uzi. Ukichelewa unarundika. Ukiiinua mbali na chuma inatapika cheche kila upande, na ampea zikiwa chache gamba, ule ukoko wa rodi unaofunika mstari, linazama ndani ya kazi likakataa kutoka hata kwa nyundo. Kosa lako unalishika mkononi dakika hiyo hiyo. Fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries, niliyemlipa Jumamosi nne anivumilie, alinikataza kuangalia mwanga. "Achana na moto. Angalia nyuma yake, pale chuma kimekuwa maji." Siku nilipokiona hicho kidimbwi, na jinsi kinavyoufuata mkono, ndipo rodi ilipoacha kuganda.

Sasa ipeleke rodi hiyo kwenye lile bati jembamba kama kadi ya benki. Mimi niliipeleka. Upande wa dereva kulikuwa na shimo moja la kutu lenye upana wa shilingi kumi. Nilipomaliza kuliziba yalikuwa saba. Zipo rodi nyembamba za milimita 1.6 na 2, na wapo mafundi wanaofunga mlango nazo kwa kudonoa, nukta moja, pumzi, nukta nyingine. Wana miaka ishirini kazini. Wewe una wikendi.

MIG ya gesi

Hapa waya unatoka wenyewe kwenye bunduki, gesi inaufunika usiguswe na hewa, na mkono mmoja unatosha. Mwanafunzi wa MIG anatabasamu siku ya kwanza. Kwa bodi ya pikapu sijaona mpinzani wake nyumbani: waya wa milimita 0.6, nguvu ya chini, nukta moja hapa, nyingine kiganja kimoja mbali, nyingine upande wa pili, unazunguka hivyo mpaka nukta zishikane. Ukivuta mstari mmoja mrefu, bati linafura kama chapati motoni na halitanyooka tena vizuri. Nyuma ya ufa shikilia kipande bapa cha shaba nyekundu. Chuma kilichoyeyuka hakishiki kwenye shaba, na joto la ziada linakimbilia huko badala ya kukutobolea bati. Sauti ikiwa sawa inafanana na bhajia zikiingia kwenye mafuta. Ikipiga kama mahindi ya bisi, waya unatoka haraka kuliko nguvu uliyoweka.

Gharama haiishii kwenye mashine. Kuna mtungi, kuna regyuleta, na kuna safari ya Industrial Area kila gesi ikiisha. Wengi hutumia mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksaidi. Kaboni dioksaidi tupu ni nafuu na inapenya zaidi, ila inatapika cheche. Mtiririko wa lita 8 hadi 12 kwa dakika unatosha ndani ya gereji. Nje, upepo wa kupeperusha nguo kwenye kamba tu unaifukuza gesi yote, na mstari wako unatoka na vitundu kama mandazi yaliyozidishwa amira. Anayeishi Kitengela au Syokimau kwenye uwanja usio na ukuta afikirie hilo kabla ya kulipa.

Ila kasoro kubwa ya MIG ni nyingine, na ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. MIG inaweza kulaza mstari mzuri kabisa juu ya chuma ambacho hakikuyeyuka. Niliunganisha vipande viwili vya milimita 3 kwa umbo la herufi T, kwa mashine ndogo ya kuazima. Mstari ulikuwa laini, nikaupiga picha, nikawatumia watu. Kisha nikakibana kwenye jiliwa na kukigonga kwa nyundo. Kiliachia kwa pigo la pili. Chini ya mstari, mikwaruzo ya grinda niliyoifanya wakati wa kusafisha ilikuwa bado inaonekana, haijaguswa na moto. Sasa fikiria hicho ndicho kilichoshikilia chesi, umepakia mawe ya ujenzi, unateremka kuelekea Mai Mahiu.

Jaribio hilo la T na nyundo ndilo mtihani wangu hadi leo kwa mashine yoyote. Chuma kikikunjika na mstari ukabaki umeshika, sawa. Kikiachia kwenye mstari, bado.

Waya usiohitaji gesi

Kuna mashine ndogo zinazouzwa kama MIG isiyo na gesi. Waya wake una unga ndani, na unga huo ukiungua ndio unaotoa moshi wa kuukinga moto. Upepo hauisumbui sana, mtungi hakuna, bei iko chini. Kwa mabano na vyuma vya milimita 2 kwenda juu inafaa. Kwa bati la bodi ina moto mkali mno na cheche nyingi, utashinda ukisugua. Ukiinunua, fungua kifuniko kabla ya kuwasha: waya wa aina hii kwa kawaida unataka bunduki iwe upande wa hasi, ilhali waya wa gesi unataka chanya. Mimi nilichoma wiki tatu nikiwa nimeunganisha kinyume, nikiamini nina mkono mbaya.

Gesi ya oksijeni na asetilini

Mafundi wa bodi wengi wa jua kali bado wanaipenda, na kwa haki. Mwali wake unafika nyuzi 3,100 hivi za selisiasi, unaenda polepole, na hakuna njia bora ya kufundisha jicho kukiona kidimbwi. Lakini joto linasambaa kotekote na bati pana linajikunja. Na kuiweka nyumbani, hapana. Ile mitungi ya kienyeji ambamo kabaidi inatiwa maji ili itoe asetilini siwezi kuikubali ndani ya ploti yenye familia kumi na mbili. Asetilini ikibanwa kupita kiasi hulipuka yenyewe, bila cheche.

Pamoja na hayo unapaswa kuijua gesi, kwa sababu huenda ilishapita kwenye gari lako. Pikapu nyingi za zamani mjini zimezibwa kwa shaba ya manjano kisha zikapakwa puti. Kwaruza puti, ukiona rangi ya dhahabu chini yake, simama. Ukichomelea juu ya shaba hiyo kwa rodi au MIG, mstari unaingia vitundu na kupasuka, na zinki iliyomo inatoa moshi mweupe utakaokupa homa usiku. Shaba yote iondolewe kwa grinda, au kata kipande kizima utie kipya. Upande wa abiria wa Hardbody yangu ulikuwa wa dhahabu kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Ndiyo miezi miwili ilikokwenda.

TIG, aina nyingine ya kuchomelea kwa umeme, ni nzuri na maridadi, na haikuhusu. Inataka mikono miwili na mguu mmoja, chuma kisafi kama sahani, na agoni tupu. Ukishaanza kutengeneza ekzosti za chuma kisichoshika kutu, rudi tuongee.

Stima, ploti na jirani

Plagi ya kawaida Kenya ina fyuzi ya ampea 13 kwenye volti 240, yaani wati 3,120 na si zaidi. Rodi ya milimita 2.5 ikichoma kwa ampea 80, moto wenyewe unakula wati 1,850 hivi, na mashine inavuta zaidi ya hapo kwa sababu ya upotevu. Hapo plagi inahimili. Ukipanda ampea 120, moto peke yake unakaribia wati 3,000, na fyuzi itakuaga. Kwa kazi ya chesi tafuta laini ya jiko la umeme, ile yenye swichi kubwa ya ampea 30 au 32, na fundi wa stima mwenye leseni akuwekee soketi yake. Ekstensheni iwe ya waya wa milimita 2.5 za mraba na uikunjue yote. Ikiwa imezungushwa kwenye gurudumu lake inapata moto mpaka plastiki inayeyuka.

Wenye nyumba huogopa tokeni kuliko moto. Waonyeshe hesabu. Katika saa nzima ya mazoezi, moto wenyewe huwaka labda dakika 20, zilizobaki unapanga, unagonga gamba, unalaumu. Uniti moja haiishi. Kinachogombanisha watu ni grinda, na hiyo hakuna mashine ya kuchomelea itakayokuokoa nayo. Baada ya saa kumi na mbili jioni mimi naiacha.

Anayefikiria jenereta akumbuke Nairobi iko mita 1,800 hivi juu ya bahari. Injini ya petroli inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda. Jenereta iliyoandikwa kilowati 5 hapa inakupa 4 na ushee.

Wapi pa kujifunzia

Chuo, kwa mfano Kabete National Polytechnic, kitakufundisha kuchomelea wima na juu ya kichwa, kitu ambacho nyumbani utakikwepa hadi siku utakapolala chini ya pikapu na kukuta kila mstari uko juu ya kichwa. Pia kinakuelekeza kwenye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, daraja la tatu hadi la kwanza, kama unataka iwe kazi. Kwa mwenye pikapu moja ni safari ndefu.

Kwa fundi wa jua kali utaona katika siku moja kazi nyingi kuliko utakazoziona nyumbani mwezi mzima: geti, ngazi, silensa, mkokoteni. Kasoro ni kwamba utaiga kila kitu, hata miwani ya jua. Mwanga wa moto huu unaunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, na maumivu huja usiku, kama mchanga chini ya kope. Kipande cha kiazi juu ya jicho hakitibu, na maziwa anayokunywa fundi jioni hayaondoi moshi mapafuni. Nunua helmeti ya kujifunga giza yenyewe, uiweke giza namba 10 au 11 kwa ampea hizi, hata kama itabidi mashine iwe ya bei ya chini zaidi. Helmeti yangu ilinigharimu kuliko inveta na sijutii.

Nyumbani peke yako unajifunza polepole, kwa skrepu ya Gikomba, na hakuna anayekucheka. Mimi ningechanganya: Jumamosi chache kwa fundi mwanzoni, nyumbani katikati ya wiki, na kila T unayoivunja uirudishe kwake akuambie kwa nini.

Nilichokinunua, kwa mfuatano

Kwanza inveta ya rodi na kilo tano za geji 12, na baada ya yale mashimo saba sikugusa gari. Nilichoma vipande mpaka T zangu zikawa zinakunjika badala ya kuachia. Baada ya hapo ndipo MIG ya gesi, ya mitumba, kwa ajili ya sakafu tu. Ningepewa fedha za mashine moja peke yake na gari lina kutu lakini halikatwi chesi, ningeruka rodi na kununua MIG. Likiwa halina kutu na unachotaka ni mabano, bampa na ngazi za pembeni, rodi inatosha maisha.

Kabla ya cheche yoyote, betri ilitolewa waya, na kebo ya kurudisha umeme ikafungwa karibu kabisa na kazi ili umeme usipite kwenye beringi. Tangi la petroli liliteremshwa likawekwa mbali. Ile dawa ya kupuliza ya kusafishia breki haikukaribia chuma cha kuchomelewa: zile zenye klorini zikipata moto zinatoa gesi ya sumu inayoweza kukuua. Springi na tosheni hazichomelewi kamwe, ni chuma kilichopikwa maalumu, ukikichoma kinakuwa kama biskuti.

Ikabaki chesi. Nilitaka ikatwe juu ya ekseli kwa umbo la herufi C na kuimarishwa kwa bamba la milimita 6, ili nyuma ishuke zaidi bila kugonga. T zangu zilikuwa zikikunjika, lakini hizo nilizichoma mezani nimekaa kwenye stuli. Nikampigia yule wa Kariobangi. Alikuja na transfoma yake nyuma ya boda, akaiunganisha kwenye soketi ya jiko, akalala chini na kuangalia mabamba niliyokata kwa siku mbili. Hakuwasha. Ncha zake nilikuwa nimezikata wima, akaniambia mstari unaokatiza chesi wima namna hiyo ndipo ufa utakapoanzia; zikatwe mshazari, moto uishie taratibu. Akaomba chai. Mimi nikarudi kwenye grinda.